Mshika Jina

Begi lilikuwa tayari. Hilo ndilo lililomuudhi Mbaruku kuliko yote: begi kuwa tayari na mwenye begi bado. Lilikaa karibu na mlango, limefungwa kamba juu ya zipu kwa sababu zipu ilikuwa ya kudanganya, na ndani yake mlikuwa na shuka, koti la baridi, mkate uliokaushwa, mafuta ya nazi ya kupaka midomo dhidi ya upepo wa chumvi, na viatu vya kupandia mawe. Muuzaji wa viatu aliapa kwamba vimewahi kufika Kisiwani na kurudi, tena bila ya mwenyewe. Mbaruku hakuuliza vilirudije. Anayejiandaa kwa safari kama ile hujifunza kutouliza baadhi ya mambo, na katika mji ule watu walikuwa wamejifunza zamani sana.

Mji wenyewe tusiutafutie jina. Wenyeji waliuita "hapa" na ikawatosha. Kila mtaa ulikuwa na siku yake. Ukitoka Mtaa wa Mizani siku ya Alhamisi ukavuka barabara, unaweza kujikuta Jumapili, na ukikaribishwa chai huko utarudi kwako uikute Alhamisi imepoa. Wakubwa wa serikali waliwahi kutaka kuzipatanisha siku hizo, wakaishia kugombana wakutane lini. Kitu kimoja tu ndicho kilichofika kwa wakati mmoja mitaa yote: jina la Mtukufu, mtawala wa nchi. Kila alasiri vipaza sauti vilivyofungwa juu ya nguzo vilimwita, jina lake refu lote na la baba yake na la babu yake, mpaka ndege walihama. Mtukufu hakuwahi kusafiri hata siku moja, lakini alipenda kuwa na uhakika.

Kwa sababu safari ya Kisiwani ndivyo ilivyo. Kule siku haziendi kabisa. Msafiri akishuka husahau kwanza alichokuja kufanya, kisha husahau ni mtu wa nani, kisha husahau ni nani. Kinachomrudisha ni sauti. Kwa hiyo kila anayekwenda huacha nyuma mshika jina, mtu wa kusimama mlangoni kila alasiri, akayaelekea maji, akamwita. Sauti hiyo hufika, usiulize vipi, na kumshika msafiri kwenye ukosi wa shati. Sauti ikikoma, msafiri husimama ili asikie vizuri zaidi. Husimama akisikiliza, akasikiliza, mpaka miguu inakuwa jiwe, na kifua kinakuwa jiwe, na mwisho kabisa masikio. Ndio wale wanaoitwa Waliosimama, warefu kuliko minara, wamejaa kisiwa kizima na nyuso zao zimeelekea hapa.

Mabango ya utalii yalisema vingine. NJOO UWAONE WAFALME, ndivyo yalivyoandikwa, kwa kuwa serikali ilikwisha kuamua kwamba nchi haiwezi kukosa wafalme wa kale, na mawe hayakupinga. Mbaruku alilinunua bango moja akalibandika juu ya kitanda chake. Hakuwa na haja ya wafalme. Kwenye ukingo wa picha, pale mawimbi yanapokula ardhi, lilikuwapo jiwe moja lililoinamisha kichwa upande wa kushoto, kama mtu anayesikiliza iwapo chungu kimeanza kufurika. Mama yake alikuwa akisimama hivyo jikoni. Na pembeni yake lilikuwapo jiwe lingine, na hilo lilikuwa limeketi.

Mawe yanayoketi ni machache. Jiwe huketi pale mtu wake anapolifikia na kuliita kwa jina lake, karibu na sikio. Halifufuki, tusidanganyane. Linaketi tu, basi, na linapumzika. Lile lililoketi alikuwa mjomba wake Mbaruku, aliyepotelea huko akiwa kijana, na mama yake ndiye aliyekwenda kumwita. Alimwita, akamketisha. Kisha naye akabaki amesimama pembeni yake, kwani huku nyumbani kulitokea kosa ambalo tutalifikia. Msimu uliopita mawe mawili ya ukingo ule yalianguka kifudifudi majini. Aliyeanguka majini hasikii tena hata akiitwa na umma mzima. Mbaruku alilala akiitazama picha ile na kuamka akiitazama, na alijua kwamba ukingo hautangoja meli nyingine. Alitaka mama yake aketi. Ndilo tu alilolitaka duniani.

Dirisha la bandarini lilishikwa na bwana mmoja mwembamba aliyeitwa Tindwa, mla karanga.

"Unakwenda peke yako?" aliuliza.

"Peke yangu."

"Nani anakushikia jina?"

"Bado namtafuta."

"Mtafute upesi, ndugu yangu. Meli inaondoka kesho alasiri. Kesho ya hapa bandarini, si ya huko kwenu. Na uje naye. Atasimama ufukweni akuite, wewe uitike ukiwa melini, mimi nisikie. Usipoitika unashushwa, hata kama begi lako limekwisha kupanda."

"Sawa."

"Haya. Unakwenda kumwita mtu, au kutembea tu?"

"Nakwenda kumwita mama yangu."

"Jina lake?"

"Mama Mbaruku."

Tindwa aliacha kutafuna. "Mbaruku ni nani?"

"Ni mimi."

"Basi hilo ni jina lako. La kwake ni lipi?"

Mbaruku alifungua mdomo kulitaja. Alipekua kichwani kama mtu anayepapasa mfukoni kutafuta ufunguo ambao muda mfupi tu uliopita ulikuwapo, na mfuko ulikuwa mtupu mpaka kwenye mshono. Nyuma yake foleni ilianza kukohoa.

"Baba alimwita hivyo," alisema. "Watu wote walimwita hivyo."

"Najua. Lakini kule ukiita Mbaruku, atakayeitika ni Mbaruku. Utajiita mwenyewe ujiitikie mwenyewe mpaka na wewe uote ukungu."

"Na nikimwita Mama?"

"Kuna bwana alifanya hivyo." Tindwa alichagua karanga moja, akaimenya polepole. "Waligeuka wote."

"Wakamfanya nini?"

"Hawakumfanya kitu. Kina mama wote wale wanamtazama yeye mmoja. Utaondokaje hapo?"

Mbaruku aliondoka dirishani. Alitembea ufukweni akiwa na aibu ambayo hakuijua ni ya nani, na njiani alimwona baba yake akilini, jinsi alivyokuwa akisimama kwenye ngazi ya nyumba yao kila alasiri, kanzu imepigwa pasi, kofia imekaa sawa, kwa kuwa kumwita mke ni jambo la heshima. Na hapo ndipo lilipokuwa kosa. Mwanamume mwenye adabu zake hakulitaja jina la mkewe mbele za watu. Hata faraghani, wanasema, wengine hawakulitaja. Mke alifichwa ndani ya jina la mtoto, kama vile pete inavyofungwa kwenye pindo la kanga ili isipotee. "Mama Mbaruku ee!" baba yake aliyapigia maji kelele. "Mama Mbaruku!" Na ndani ya nyumba kitoto kilichokuwa kikichezea vifuniko vya chupa kikisikia jina lake kilijibu, "Labeka!" Baba yake aligeuka mlangoni akasema, "Si wewe." Kila siku aliitwa, na kila siku aliambiwa si yeye.

Yule aliyeshikiwa jina miaka yote ile alikuwa mtoto. Ndiyo sababu Mbaruku hakuwahi kutoka mjini. Kila alipojaribu, alihisi ukosi wa shati unamvuta. Na mama yake kule aliisikia sauti ya mumewe ikipita juu ya kichwa chake, ikiwa safi, ikiwa na mapenzi, ikimwita mtu mwingine. Baba yake alimpenda sana. Alimpenda kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyomsimamisha. Alipofariki mzee yule, ngazi ilibaki tupu, na vipaza sauti vya Mtukufu vikapata nafasi ya kusikika vizuri zaidi.

Sasa kuhusu kazi yake, msomaji, usicheke. Mbaruku alikuwa mwita watu. Katika Jumba la Kusubiri, ambako wananchi husimama wakingoja zamu zao kwa shida za kila aina, yeye alikaa ndani ya kibanda cha kioo na kuita majina kwenye kipaza sauti. Aliita kutwa. Alizijua nyuso zinavyobadilika mtu anapoitwa: kwanza kama amefumaniwa, halafu anafurahi kidogo, halafu anajitengeneza nguo. Hata aliyeitwa kwenda kupewa habari mbaya alifurahi kwa kitambo kile kifupi. Mbaruku aliwaonea wivu. Yeye hakuwa na wa kumwita. Mkewe wa ujanani alikuwa akimwita "wewe", na hata "wewe" hiyo aliondoka nayo. Dukani alikuwa "mteja", kwenye nyumba ya kupanga alikuwa "wa chumba cha nyuma". Loo, upweke si kukosa watu. Watu walikuwapo tele, wamejaa jumba zima, wakimngoja yeye afungue mdomo.

Ndani ya kibanda alikaa pamoja na Mshangama, aliyeita upande wa wanawake. Walikuwa wamekunywa chai ya chupa moja kwa miaka. Asubuhi ile, akitoka bandarini, Mbaruku alimwambia, "Mwenzangu, nishikie jina."

"Bila shaka," Mshangama alisema, na alimaanisha. "Kila alasiri, hata mvua inyeshe. Wewe ni mtu wangu."

"Ahsante sana."

"Ila nikumbushe, vile, unaitwa nani?"

Mbaruku alicheka kwa kuwa ndiyo adabu. Akamwambia usijali, safari yenyewe bado haijathibitika. Hakumkasirikia. Alijaribu kukumbuka jina la Mshangama alilopewa na mamaye, maana Mshangama lilikuwa la babu, akaona na yeye halijui. Walimaliza chai yao.

Mshangama alipotoka kwenda kuswali adhuhuri, Mbaruku alikivuta kipaza sauti akafanya jambo ambalo kwa miaka yote ile hakuwahi kulifanya. "Mbaruku," aliita. Sauti ilizunguka jumba, ikapanda darini, ikashuka. "Mbaruku, dirishani." Watu waliangaliana. Kule nyuma kabisa mtu mmoja alishtuka, akafurahi kidogo, akajitengeneza shati. Alivaa koti ambalo Mbaruku alilipoteza ujanani. Alikuja akipenya katikati ya watu, akasimama mbele ya kioo, na uso wake ulikuwa laini bado.

"Umeniita?"

"Nimekosea," Mbaruku alisema. "Samahani sana."

"Si kitu. Nilidhani ni mimi." Akarudi alikotoka, na Mbaruku akaona kwamba hakutafuta pa kukaa.

*

Mimi ni nani nisipoitwa. Haya, tuseme mkono. Mkono ni wangu kwa kuwa naukunja ukakunjika. Jina je? Jina nimepewa ni langu na siwezi kulitumia. Wanalitumia wengine. Mgongo wangu vilevile: ni wangu, naulalia, lakini wa kuuona ni watu.

Mtukufu anaitwa na nguzo. Nguzo zinamjua? Nguzo haziwezi kusahau, na kwa hiyo haziwezi kukumbuka. Huenda na yeye amesimama mahali, huko ndani kwake, na hakuna anayethubutu kutazama.

Mama. Ulikuwa unasikiliza nini kwenye chungu? Ulikuwa na jina ulipokuwa unasikiliza? Ulizaliwa, wakakupa jina, wakalitia sikioni. Lilitumika muda gani? Kisha nikaja mimi nikakukalia.

Mimi ndiye niliyekukalia, Mama. Sikujua. Mtoto hajui anapokaa.

*

Aliondoka kazini mapema akaenda Mtaa wa Ukutani, mtaa alikozaliwa, ambako hakuwa amekanyaga tangu mazishi ya baba yake. Mtaa ule haukubadili siku. Ilikuwa bado alasiri ile ile aliyoondoka mama yake, jua limesimama palepale juu ya paa la msikiti mdogo. Watu tu ndio waliozeeka ndani yake. Alipopita kwenye kona goti lake lililomsumbua kwa miaka liliacha kuuma, na harufu ya mkate wa ufuta ikamjia kutoka nyumba ya jirani yao. Alikuwa na hamu ya kulia na hakuwa na sababu ya kuwaeleza watu.

Jirani huyo, Mama Zuhura, alikuwa amesimama kando ya ukuta akichambua mchele, ungo ameuegemeza kiunoni. Baraza lilikuwa hapo nyuma yake, limesakafiwa vizuri, na hakulikalia. Tangu Mbaruku akiwa mdogo bibi huyu hakuonekana ameketi. Mtaani walisema ni kiuno.

"Shikamoo, Mama Zuhura."

"Marahaba, mwanangu." Alimtazama juu chini bila ya kuacha kuchambua. "Mbaruku wa Mama Mbaruku. Umekonda. Huko unakokaa hawali?"

"Wanakula."

"Basi hawakupi. Karibu. Nasikia unasafiri."

"Umesikia kwa nani?"

"Mwanangu, mtu akinunua viatu vya kupandia mawe mjini hapa, unataka tusisikie?"

Mbaruku alicheka, na safari hii kilikuwa kicheko cha kweli. Kisha akauliza, kwa sababu hakujua njia ya kuzunguka. "Mama Zuhura, mama yangu alikuwa anaitwa nani?"

"Mama Mbaruku."

"Kabla yangu."

"Kabla yako tulimwita Bi Harusi. Halafu tumbo likaonekana, na baba yako alikwisha kuchagua jina, tukamwita Mama Mbaruku hata hujazaliwa." Mikono ilipunguza mwendo juu ya mchele. "Ngoja." Akainua sauti kuelekea madirisha ya ng'ambo. "Jamani! Mama Mbaruku jina lake hasa lilikuwa nani?"

Madirisha yalifunguka moja baada ya jingine. Sauti za wanawake wazee zilitoka humo, zingine bila ya nyuso.

"Si Mama Mbaruku!"

"Alikuwa fundi wa mandazi yule, hayanywi mafuta."

"Mimi alinifunga kanga yake kiunoni siku niliyofiwa, mpaka leo ninayo."

"Aliimba vizuri, lakini akiwa peke yake tu."

"Jina, jina," Mama Zuhura aliwakatiza. "Nawauliza jina."

Mtaa mzima ulimjua mwanamke yule, kwa chumvi waliyoazimana, kwa vilio, kwa vidonda vya watoto wa kila mmoja alivyoviosha, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Mama Zuhura alirudisha macho kwenye ungo.

"Kuna mtu mmoja alimuuliza," alisema taratibu. "Mwanangu. Zuhura alikuwa mwulizaji yule, hakuacha kitu. Walikuwa pale, penye kizingiti, mama yako anamsuka. Zuhura akamuuliza, Mama Mbaruku, na wewe unaitwa nani? Nikasikia mama yako anacheka. Akamwambia. Zuhura akaja mbio kwangu jikoni, Mama, Mama, umelisikia jina lake lilivyo zuri?" Aliupeta ungo mara moja. "Nilikuwa nageuza mkate wa ufuta. Nikamwambia sogea huko, usije ukaungua."

"Hukusikia."

"Nilikuwa nageuza mkate, mwanangu. Ungeungua." Alichukua chuya moja akaitupa mbali, kwa nguvu kuliko ilivyostahili chuya. "Masika yale yale Zuhura akapata homa. Akaenda nalo."

Jina la mama yake lilikuwa limetajwa mara moja, mahali pale, penye kizingiti kile, likapita juu ya moto na likaishia kwenye kaburi fupi. Alihisi uchungu ambao haukuwa na mtu wa kulaumiwa ndani yake, na huo ndio uchungu mbaya. Alimtazama bibi yule aliyesimama mbele yake, aliyeitwa kwa jina la maiti kila siku ya Mungu, sokoni, msibani, kisimani, Mama Zuhura njoo, Mama Zuhura nipe. Kila aliyemwita alimzikia mtoto upya, na yeye akaitika.

"Na wewe?" aliuliza.

"Mimi nini?"

"Jina lako."

Bibi alitaka kucheka. Kicheko hakikutoka. Macho yake yalikwenda kwenye paa la msikiti, yakaja kwenye ungo, yakaenda mbali zaidi, na midomo yake ikawa inasogea bila ya sauti, ikijaribu moja, ikiacha, ikijaribu jingine. Ilichukua muda. Jua la mtaa ule halikuwa na haraka.

"Mize," alisema hatimaye. "Mize wa Faki. Hee! Nilikuwa Mize mimi."

Mbaruku alikuwa ameita maelfu ya watu kwa sauti ya kazi, ile isiyo na mtu ndani yake. Hii hakuitumia. Alimsogelea mpaka karibu na sikio, kama inavyotakiwa, na akasema, "Niwie radhi kwa utovu wa adabu." Kisha akaita. "Mize."

Ungo uliinama. Mchele ulianza kumwagika, kidogo kidogo, juu ya miguu yake mitupu.

"Abee," Mize aliitikia. Ilikuwa sauti ya msichana aliyeitwa kutoka uani, akiwa hana kosa lolote. Magoti yake yalikunjika yakilia, mkono ukatafuta baraza nyuma, ukalipata, na mwanamke yule aliyekuwa amesimama tangu masika ya zamani yale akaketi. Akalia. Alilia kwa raha ya kuketi na kwa Zuhura pamoja, na hakujifuta.

Ng'ambo, nyuma ya pazia, mtu alisema jina polepole, la kwake mwenyewe, akijaribu kama bado linamtosha. Kisha mwingine.

"Nitakushikia mimi," Mize alisema alipoweza kusema.

"Kila alasiri, Bi Mize? Na vile vipaza sauti?"

"Mtoto wangu nilimwita kila alasiri aje kuoga, na alikuwa anacheza kule mwisho wa mtaa. Sauti ninayo. Sasa mama yako utamwitaje?"

"Sijui."

"Basi nenda na kutojua kwako," alisema, na akaanza kuokota mchele akiwa ameketi vilevile, maana alikuwa hana nia ya kusimama tena kwa leo.

*

Kesho ya bandarini ilifika. Begi lilipanda melini kabla ya mwenyewe, na Mbaruku akasimama dirishani. Tindwa alikuwa na karanga mpya.

"Mshika jina?"

"Yule pale." Mize alikuwa ufukweni, ameketi juu ya boya kuukuu, mwavuli mkononi. Aliletwa na wanawake wa Ukutani, na wote walikuwa wanaitana, kwa sababu zisizo na maana yoyote, kwa majina ambayo watu wa bandarini hawakuwahi kuyasikia.

"Na unakwenda kumwita nani? Umelipata jina?"

"Sikulipata," Mbaruku alisema. "Siendi kumwita."

"Unakwenda kutembea, basi."

"Nakwenda kumuuliza."

Tindwa alishusha mkono wenye karanga. "Kumuuliza jiwe?"

"Kumuuliza mama yangu jina lake. Nitasimama karibu na sikio, nimuulize. Aliwahi kuulizwa mara moja, na mtoto mdogo, na alijibu. Alicheka, akajibu."

"Asipojibu?"

"Nitakuwa nimemuuliza."

Tindwa alikuwa amekaa dirishani pale miaka mingi na alikwisha kuwaambia wengi sana kwamba haiwezekani. Safari hii aligeuka akatazama maji, na alipozungumza tena alionekana kama anajisemea. "Mimi wangu yuko upande wa kaskazini," alisema. "Kama utapita." Akampisha.

Meli iliunguruma. Mbaruku alisimama nyuma kabisa, mikono juu ya chuma cha baridi, na kwa mara ya kwanza tangu alinunue bango aliogopa. Aliogopa mawe, na bahari, na siku zisizokwenda, lakini zaidi aliogopa kwamba ataitwa na hatasikia, kwa kuwa dakika ileile nguzo za bandarini zilikoroma na jina la Mtukufu likaanza kumwagika, refu, na la baba yake, na la babu yake. Tindwa alisimama kwenye ukingo wa gati akiwa ameinua mkono. Mkono ukishuka kabla Mbaruku hajaitika, atashushwa.

Aliwaona wanawake wa Ukutani wanamsaidia Mize kuinuka, alimwona anakataa, alimwona anaweka mwavuli chini na kuzungushia mdomo viganja vyake viwili akiwa ameketi palepale. Na chini ya jina lile kubwa, chini kabisa, pale ambapo nguzo hazikufikiria kuziba, sauti ya mwanamke anayemwita mtoto aje kuoga ilikuja juu ya maji.

"Mbaruku ee!"

"Labeka!" aliitika, kwa nguvu zake zote, mtu mzima na mvi zake.

Tindwa alifungua kamba. Meli ilisogea. Mbaruku aliendelea kuutazama ufukwe akingoja, kwa mazoea ya zamani, aambiwe si wewe. Hakuna aliyemwambia.